Presha ya Arobaini, Akili ya Sabini

Mjomba wangu wa Newala alikuwa na daftari la korosho kichwani. Alijua kila mkorosho ulitoa kilo ngapi msimu uliopita, alijua kijana yupi huazima bomba la kupulizia na kulirudisha bila mafuta, na akianza kutaja litawa lake, ukoo wa upande wa mama, hakusimama mpaka afike kwa bibi wa saba. Alfajiri moja ya mwezi wa saba, akiwa na miaka 64, alibeba bomba mgongoni akatembea saa nzima kwenda shambani. Salfa ilibaki nyumbani. Kesho yake alibeba salfa, bomba likabaki. Siku ya tatu alikaa chini ya mti akanipigia simu. "Mwipwa," aliniuliza, "hii kazi huwa inaanzia wapi?"

Nyumbani tulimpa mtihani pekee tuliokuwa nao: majina. Akayataja yote, na wale waliozikwa Msumbiji akawaonyesha kwa kidole upande wa Ruvuma. Tukaridhika kwamba akili ni nzima. Mmoja alisema ni uchovu, mwingine akasema kuna mkono wa mtu. Hakuna aliyekumbuka kwamba miaka 15 nyuma tabibu wa zahanati fulani alimpima presha akaikuta 170 kwa ile ya juu, akampa vidonge vya mwezi mmoja. Vilipokwisha alirudi, akaambiwa dawa hazijafika. Kwa kuwa hakuumwa popote, hakwenda tena.

Tulikosea mlango. Wengi wetu tukisikia akili ya mzee imepungua tunafikiria kusahau. Huo ndio mlango wa ugonjwa wa Alzheimer, ambao kwa kawaida huanzia sehemu ya ubongo inayoshika mambo mapya: mzee anauliza swali lile lile mara nne kabla chai haijapoa. Akili inayoharibiwa kupitia mishipa ya damu mara nyingi hupungukiwa kwanza na vitu vingine, yaani kasi ya kufikiri, kupanga hatua, kushika mambo mawili kwa pamoja na kubadili mpango hali inapobadilika. Kumbukumbu za zamani zinaweza kubaki zinang'aa. Mzee atakusimulia Operesheni Vijiji ya 1974, nani alihamishwa na nyumba ya nani ilichomwa, lakini hawezi kumfuata karani wa chama cha msingi anaposoma makato ya mnada. Kwa wazee wengi sana magonjwa hayo mawili hukaa pamoja kwenye ubongo mmoja, na kuyatenganisha kunawashinda hata madaktari wenye vipimo vyote.

Kiswahili humwambia mtu asiyetakiwa kusahau: liweke moyoni. Wahenga hawakuwa wakifundisha anatomia, lakini sayansi ya miaka hamsini iliyopita imewasogelea. Ubongo una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, na unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Hauna ghala. Unaletewa, unakula papo hapo, na moyo ukisimama mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo afya ya ubongo inategemea pampu, na zaidi ya pampu inategemea mabomba.

Mshipa mkuu unaotoka moyoni, aota, kwa kijana ni laini na unavutika. Moyo unapopiga, mshipa unatanuka na kumeza kishindo, kisha unanywea na kuisukuma damu mbele polepole, hata inapofika kwenye mishipa midogo inatiririka bila kuruka. Miaka inavyokwenda nyuzi zake za mpira hukatika na nafasi zao kushikwa na nyuzi ngumu. Yeyote aliyewahi kuacha tyubu ya baiskeli juani anaijua hali hiyo. Presha ya kupanda huharakisha ugumu huo, na ugumu nao huipandisha presha zaidi. Kishindo kilichokuwa kikimezwa karibu na moyo sasa kinafika mbali, na viungo viwili ndivyo vinavyokipokea bila kinga kubwa, figo na ubongo, kwa sababu mishipa yao huacha damu nyingi ipite muda wote.

Ndani ya ubongo mishipa iliyo myembamba kuliko unywele hujikaza ili ijilinde. Kuta zake zinanenepa, njia inakuwa nyembamba, mingine inaziba na mingine inavuja matone ya damu. Hakuna anayeanguka wala mdomo kwenda upande. Kinachoharibika ni ile tishu nyeupe iliyo chini ya ubongo wa kijivu, yenye nyaya zinazounganisha sehemu ya mbele, ile inayopanga, na sehemu nyingine zote. Ndiyo maana mjomba alikuwa na bomba, alikuwa na salfa na alikuwa na majina ya mababu. Waya wa kuviunganisha ndio uliokuwa umeliwa.

Moyo wenyewe una njia zake nyingine za kuumiza akili. Ukichoka kusukuma, ubongo hupata mgawo pungufu. Ukipiga bila mpangilio, damu huganda ndani yake na donge likipanda juu huleta kiharusi. Lakini hapa vitabu vya Ulaya havisomeki moja kwa moja kwetu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, wazee zaidi ya 2,000 wa miaka 70 na kuendelea walipopimwa mioyo, mapigo hayo yasiyo na mpangilio yalikutwa kwa chini ya mtu mmoja kati ya mia, ugonjwa ambao kwa wazee wa Ulaya ni wa kawaida. Presha iliyopanda, katika wazee wa wilaya hiyo hiyo, ilikuwa kwa karibu saba kati ya kumi.

Hai imekuwa darasa la uzee kwa Tanzania nzima, kwa sababu huko watafiti wa hapa nchini na wenzao wa Newcastle, Uingereza, walifanya kazi kijiji kwa kijiji kwa miaka. Mwaka 2010 waliwapima akili watu 1,198 wa miaka 70 na zaidi, na hesabu iliyochapishwa 2013 ikaonyesha dimenshia, yaani akili kupungua hadi kuvuruga maisha ya kila siku, kwa asilimia 6.4, kiwango kisicho mbali na cha nchi tajiri. Kabla ya hapo, kati ya 2003 na 2006, walihesabu viharusi vipya Hai na Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilipata takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Dar ikapata 316. Ile picha ya kwamba Mwafrika wa kijijini hana magonjwa ya mishipa ilipaswa kufa siku hiyo. Bado ninaisikia kwa watu waliosoma.

Newala si Hai, ni kweli. Na hata Masasi si Newala, ingawa hutajwa kwa pumzi moja: Masasi imekaa chini kwenye tambarare ya majabali, Newala iko juu ukingoni mwa uwanda, pale Shimo la Mungu linapotazama bonde la Ruvuma. Lakini ni uwanda huu unaofaa kuuliza swali lililo gumu zaidi, kwa sababu watu wake wamefanya mazoezi kuliko mwanariadha yeyote wa mjini. Wamakonde wana simulizi ya kale kwamba watoto wa kwanza walikufa mpaka wazazi walipohama mabonde ya mito wakapanda juu. Gharama ya kukaa juu ilikuwa maji. Karl Weule, Mjerumani aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, alishangaa kuona vijiji vimejengwa mbali hivyo na visima. Wanawake walishuka bondeni na kupanda na chombo kichwani, mama hadi binti, na mpaka leo bomba linapokauka ndoo ya lita 20 hurudi njia ile ile. Kama kutembea peke yake kungetosha kuufanya moyo na ubongo visizeeke, bibi wa Newala asingekuwa na presha.

Wapo watu ambao kwao kumetosha, au karibu. Watsimane wa Bolivia, wakulima na wawindaji wa msituni, mwaka 2017 walitangazwa kuwa na mishipa ya moyo iliyo safi kuliko jamii yoyote iliyowahi kupimwa, na miaka mitano baadaye dimenshia ikakutwa kwa kama mtu mmoja tu kati ya mia wa miaka 60 na zaidi. Umri wa kuanzia si ule wa Hai, kwa hiyo namba hizo mbili zisiwekwe kwenye mzani mmoja kama wafanyavyo waandishi wenye haraka. Jambo la kuangalia ni kwamba Mtsimane anatembea na presha yake iko chini. Mzee wetu anatembea na presha yake iko juu. Kutembea wanafanana. Tofauti itafutwe kwingine.

Mimi natazama chumvi kwanza. Uwanda uko mbali na bahari, na samaki anayepanda kutoka Mikindani na pwani ya Lindi ili afike bila kuoza lazima awe ng'onda au mkavu, aliyelowekwa chumvi hadi mfupa. Ming'oko, viazi vya porini, huchemshwa na kuliwa kwa chumvi na pilipili. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja kidogo cha chai, na kitoweo kimoja cha ng'onda kwa ugali wa muhogo kinaweza kuisogelea hesabu hiyo kabla ya jua kuzama. Kisha kuna uraka wakati wa mabibo, ambao mwanzoni ni juisi na mwishoni ni kitu kingine, na unywaji wa miezi mitatu mfululizo hupandisha presha ya mtu wa makamo. Kisha moshi wa mafiga ndani ya jiko lisilo na dirisha. Kisha bodaboda, iliyookoa magoti na kuunyima moyo kazi. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachomuua mtu mwaka huu.

Damu ya kurithi ina nafasi yake pia, lakini si hukumu. Watafiti waliolinganisha wazee wa Kiyoruba wa Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis walichapisha mwaka 2001 kwamba dimenshia mpya Ibadan ilikuwa asilimia 1.35 kwa mwaka, Indianapolis 3.24. Asili ya Afrika Magharibi ni ya wote wawili. Maisha ni mawili.

Sasa umri. Huko Honolulu wanaume wenye asili ya Japani walianza kupimwa presha kuanzia 1965 wakiwa watu wa makamo, na zaidi ya miaka 25 baadaye wakapimwa akili. Waliokuwa na presha ya juu wakiwa na nguvu zao ndio waliofanya vibaya uzeeni. Presha ya uzeeni haikusema mengi. Kinachotatanisha ndugu wengi ni kwamba mzee anapoingia dimenshia, presha yake mara nyingi huanza kushuka yenyewe, miaka kadhaa kabla. Nyumbani hushangilia: presha imetulia! Mashine inasema kweli, ila moto umepungua kwa sababu kuni zimekwisha.

Je, kuitibu presha kunaiokoa akili? Jaribio kubwa la Marekani lililoitwa SPRINT lilikuwa na watu 9,361 wa miaka 50 na zaidi. Nusu walitibiwa hadi presha, ile namba ya juu, ishuke chini ya 120, nusu chini ya 140. Matokeo ya upande wa akili, yaliyotoka 2019, yalionyesha kwamba kupungua kidogo kwa akili, ile hatua ya kabla ya dimenshia, kulikuwa nadra zaidi kwa takriban moja ya tano kwa waliotibiwa kwa nguvu. Kwa dimenshia kamili tofauti ilielekea huko huko lakini haikutosha kuthibitisha. Wenye kisukari na waliokwisha kupata kiharusi hawakuingizwa. Kwa hiyo anayekuambia kidonge cha presha kinazuia usahaulifu ametia chumvi nyingine, na anayesema hakisaidii kitu amesoma nusu ya ukurasa.

Kuna tawi jingine la utafiti ambalo siku hizi linapendwa sana: kuupiga picha moyo na ubongo kwa MRI na kukokotoa "umri" wa kila kimoja. Hazina kubwa ya picha hizo iko Uingereza, katika mradi wa UK Biobank wenye watu 500,000 waliojitolea. Picha za makumi ya maelfu yao zinaonyesha kwamba mwenye aota ngumu au kuta nene za moyo ana mwelekeo wa kuwa na ubongo wenye dalili za kuzeeka, na mwenye ubongo wa namna hiyo huwa na kasi ndogo ya kufikiri. Vinakwenda pamoja, ila havifungwi kamba moja. Na haijulikani kila mara nani anamvuta mwenzake, maana ubongo nao ndio unaouamuru moyo upige kasi gani. Kazi hii naiheshimu. Lakini waliopigwa picha wengi ni Waingereza weupe walio na afya na kipato kuliko wenzao, na mtu wa Newala akitaka kujua umri wa ubongo wake kwa kipimo hicho atahukumiwa kwa rula iliyochongwa kwa ajili ya mwingine.

Rula ya kwetu ipo, na ni ya njiti za kiberiti. Vipimo vya akili vya kizungu humtaka mtu aandike, achore saa, ahesabu kurudi nyuma kwa saba saba. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu hufeli akiwa na akili timamu. Timu ya Hai ilitengeneza kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kilichochapishwa 2014: daraja ni kitu gani, leo ni siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani, taja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja, kumbuka maneno kumi uliyosomewa, panga njiti za kiberiti kama nilivyozipanga mimi. Kwa mjomba nilijaribu zile njiti tu, bila kujifanya daktari. Alizitazama kwa muda mrefu. Akazipanga zote sambamba, nadhifu kabisa, kama anavyopanga magunia, akaniangalia kuona kama nimeridhika.

Shule yenyewe huhesabiwa kama kinga. Tume ya jarida la Lancet, ambayo mwaka 2024 ilisema karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, inaanza na elimu duni utotoni, na orodha inaendelea na usikivu, presha, kisukari, sigara, upweke, hewa chafu, hadi macho yasiyotibiwa. Nakubali, kwa shaka ndogo. Kungwi anayeongoza nyimbo za unyago usiku kucha bila karatasi, kila wimbo na mahali pake, amejenga akiba ya ubongo ambayo hakuna cheti kinachoipima. Ila akiba hiyo hufanya jambo la hatari: huficha uharibifu. Familia inaona ghafla kilichochukua miaka ishirini, na cha ghafla hutafutiwa mchawi. Wala tusidhani ni ushamba. Utafiti mmoja kuhusu kiharusi ulikuta kwamba wa Dar es Salaam ndio waliotaja zaidi mashetani na uchawi. Wa Hai walitaja presha, mafuta na mawazo.

Wapo pia wanaozeeka upande mmoja tu. Benjamin Mkapa, aliyekuwa Rais wa Tanzania, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, alizindua kitabu cha maisha yake Novemba 2019 siku alipotimiza miaka 81, kikiwa na hoja kali na makosa aliyoyakiri mwenyewe. Usiku wa kuamkia 24 Julai 2020 alifariki, na familia ikaeleza kuwa ni mshtuko wa moyo. Akazikwa Lupaso. Mtu mmoja si takwimu, na yeye alikuwa na shule na madaktari ambao jirani zake hawakuwa nao. Lakini anatukumbusha kwamba uhusiano huu ni wa uwezekano.

Kwa jirani zake hao hesabu ni nyingine. Uchunguzi wa 1996 na 1997 katika mtaa mmoja wa Dar na kijiji kimoja cha Hai ulikuta takriban watu wazima watatu kati ya kumi wana presha. Chini ya mmoja kati ya watano wao ndio waliojua, na ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufika mmoja kati ya mia. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ukakuta presha kwa karibu robo ya watu wa miaka 25 hadi 64. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimtambua mzee kuanzia miaka 60, na huduma bila malipo pamoja na dirisha la wazee hospitalini vinafuata umri huo huo. Ni jambo jema, na kwa akili limechelewa miaka ishirini. Mishipa ya ubongo inaharibiwa mtu akiwa na 40 au 45, anapobeba magunia, anapolipa ada, anapojiona simba. Umri huo hauna dirisha. Mwanamke angalau hupimwa presha kliniki akiwa mjamzito. Mwanaume wa uwandani anaweza kufika 60 bila mkono wake kufungwa kitambaa cha mashine hata mara moja.

Mahali wanaume hao wanapopatikana panajulikana. Kuanzia Oktoba, minada inapofunguliwa, wanaume wa makamo wa Newala na Masasi hukaa saa nzima nzima kwenye ghala la chama cha msingi wakingoja mzani, kivulini, bila kazi. Hakuna kampeni ya afya iliyowahi kukusanya kundi kama hilo kwa posho.

Msimu uliopita nilikwenda na mashine yangu ndogo. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, ana miaka 46. Alikuwa ametoka kushusha gunia, nikamkalisha dakika kumi kabla ya kumfunga. Mashine ikasoma 168 kwa 104. Akacheka, akasema betri zimekwisha. Tukangoja, tukarudia: 164 kwa 102. Nikaziandika zote mbili kwenye kipande cha karatasi na siku ya kwenda kituo cha afya. Akakikunja, akakitia ndani ya stakabadhi yake ya ghala, akaniuliza mbele ya wenzake, "Haya, na hii italipwa lini?"